SUMU ILIYOMO KATIKA MIHOGO MICHUNGU NA MIMEA MINGINE YA SHAMBA NA PORI



Watu wakizungumza habari za mimea yenye sumu, kwa kawaida hufikiri mizizi na matunda ya porini ambayo hakuna mtu ayalaye. Lakini katika wilaya zetu za Kibondo na Kasulu mmea wenye sumu ulio karibu nasi kuliko yote haumo porini. Umo shambani kwako, uliupanda kwa mkono wako mwenyewe, nao ndio unaokupa ugali. Mmea huo ni muhogo mchungu.

Hatuandiki haya ili uache kupanda muhogo. Muhogo umeokoa watu wengi miaka ya njaa, nao utaendelea kuwaokoa. Twaandika ili ujue sumu yake ilivyo, namna ya kuitoa, na kwa nini haifai kufanya haraka. Mwishoni tutataja mimea mingine ya kuangaliwa katika bustani, mashamba na mapori yetu.

1. KWA NINI WATU HUPANDA MIHOGO MICHUNGU

Muhogo si mmea wa asili wa Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno katika pwani ya Kongo katika karne ya 16, kisha ukaenea bara. Wenyeji wa kule ulikotoka walikuwa wakijua tangu zamani namna ya kutoa sumu yake kwa kuparuza, kukamua na kukausha. Mahali pengi mmea umefika, lakini ujuzi wote haukufika pamoja nao.

Mkulima ana sababu nzuri za kupenda muhogo mchungu. Nyani na nguruwe mwitu hawaushambulii sana kama ule mtamu. Mwizi naye hawezi kuung'oa na kuutafuna njiani. Tena waweza kukaa ardhini muda mrefu ukingoja siku ya haja. Kwa hiyo hatusemi uung'oe. Twasema ujue ya kuwa kile kinachomfukuza nyani ndicho kinachoweza kumdhuru mtoto wako.

2. SUMU YENYEWE NI NINI

Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini. Kikiwa peke yake hakina nguvu ya kuua. Lakini ndani ya mzizi huo huo mna kitu cha pili ambacho kazi yake ni kuvunja linamarini. Vitu hivi viwili hukaa mbalimbali, kama majirani waliotengwa na ukuta. Ukiukata muhogo, ukiutwanga, ukiuparuza au ukiuloweka hata ukalainika, ukuta ule huvunjika, vitu viwili vikakutana, na hapo sumu iitwayo sayanaidi hutoka. Sumu hiyo huyeyuka katika maji na huruka hewani kama mvuke.

Ukifahamu jambo hili moja utaelewa kazi yote ya kutengeneza muhogo. Kazi yako ni kuifanya sumu itoke mapema, iende na maji na upepo, kabla chakula hakijaingia tumboni.

Utaelewa pia kwa nini haitoshi kuchemsha tu. Ukiutia muhogo mchungu mzima katika maji ya moto, moto hukiharibu kile kitu cha pili upesi, na linamarini nyingi hubaki ndani ya muhogo. Muhogo utaiva, utalainika, na bado utakuwa na sumu. Kwa sababu hiyo muhogo wa kuchemsha au kuchoma uwe ule mtamu tu.

Fahamu na haya:

(a) Ganda lina sumu nyingi kuliko nyama yake. Menya ganda lote, la nje na lile la ndani.

(b) Majani nayo yana sumu. Kisamvu sharti kitwangwe hadi kilainike kabisa, kisha kichemshwe katika chombo kisichofunikwa kwa nusu saa au zaidi. Kutwanga ni kwanza, kuchemsha ni baadaye.

(c) Ukame huzidisha sumu. Mvua zikikatika, hata shina ulilozoea kulila kama tamu laweza kuwa chungu.

(d) Mbuzi, nguruwe na ng'ombe nao hufa. Usiwape maganda wala majani mabichi ya mihogo michungu. Yakaushe kwanza juani.

3. MADHARA YAKE

Madhara ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya ghafula. Mtu hula, na baada ya saa chache kichwa humwuma, huona kizunguzungu, hutapika, tumbo humsokota, hupumua kwa shida na kuishiwa nguvu. Akiwa amekula sumu nyingi huzirai, hutetemeka, naye aweza kufa. Mtoto hudhurika upesi kuliko mtu mzima, maana mwili wake ni mdogo. Mwezi wa Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese huko Uganda, watu 98 waliugua baada ya kula chakula cha unga wa muhogo wenye sumu, na 2 kati yao wakafa. Unga ule kwa macho ulikuwa unga kama unga mwingine.

Ya pili ni ya polepole, nayo huwapata watu wanaokula muhogo usiotengenezwa vizuri kila siku kwa majuma mengi, bila kitoweo cha kutosha. Ugonjwa huo huitwa konzo. Jina hilo ni la lugha ya Kiyaka ya Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika habari zake mwaka 1938. Mtu hulala mzima, akaamka miguu imekakamaa. Hutembea kwa vidole huku magoti yakigongana, au hawezi kutembea kabisa. Miguu hairudi kuwa kama zamani, na hakuna dawa ya kuiponya. Huwapata zaidi watoto na kina mama walio katika umri wa kuzaa.

Usidhani ugonjwa huu ni wa nchi za mbali. Mwaka 1981 watu zaidi ya 1,000 walipata konzo katika jimbo la Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame. Mwaka 1985 ulitokea hapa kwetu Tanzania, wilaya ya Tarime, tena wakati wa ukame. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionekana mkoa wa Mtwara. Mambo yalikuwa yale yale mahali pote: chakula kingine kilikosekana, mihogo ikawa michungu zaidi kwa ukame, na watu kwa njaa wakapunguza siku za kuitengeneza. Sumu iliongezeka wakati ule ule kazi ya kuitoa ilipopungua.

4. KUTENGENEZA MIHOGO MICHUNGU

Kina mama wengi wa Kibondo na Kasulu wajua kuvundika mihogo. Njia hiyo ni nzuri, ila sharti ifuatwe yote.

Kwanza, menya mihogo siku ile ile uliyoing'oa, uioshe na kuikata vipande.

Pili, iloweke katika maji yanayoifunika yote, ndani ya pipa, diaba au shimo safi, kwa siku 3 hadi 5. Usihesabu siku tu. Ibonyeze kwa kidole: kama kipande bado ni kigumu katikati, hakijawa tayari. Katika milima yenye baridi kama Heru Juu mihogo huchelewa kulainika kuliko katika mabonde ya joto karibu na Malagarasi. Kwa hiyo asiye na haraka wa milimani asijilinganishe na jirani wa bondeni.

Tatu, itoe, toa nyuzi za katikati, ioshe, ivunjevunje na kuikamua maji.

Nne, ianike juu ya kichanja au jamvi safi mpaka ikauke kabisa na kuvunjika kwa mlio. Iliyobaki na unyevu itaota ukungu, na ukungu una sumu yake nyingine. Muhogo uliokaushwa vizuri hivi ndio watu huuita kivunde.

Kukata mihogo michungu mibichi vipande na kuianika juani bila kuiloweka, yaani makopa, hakutoshi. Jua hukausha vipande upesi kabla kuta zile tulizozitaja hazijavunjika, na sumu nyingi hubaki. Makopa ni ya mihogo mitamu.

Usiloweke mihogo katika kijito au kisima ambacho watu huteka maji ya kunywa. Maji hayo hupokea sumu, na samaki hufa.

5. KULOWESHA UNGA

Iko njia nyingine rahisi ya kuondoa sumu iliyobaki katika unga. Iligunduliwa na wataalamu wa Australia, nayo imefundishwa kwa kina mama wa Msumbiji, Tanzania na Kongo. Haichukui mahali pa kuloweka mihogo, bali huongezwa juu yake. Yafaa sana hasa unaponunua unga au kivunde gulioni, kwa kuwa hujui aliyeutengeneza aliuloweka siku ngapi.

Tia unga mkavu katika bakuli, uusawazishe bila kuushindilia, na uweke alama ndani ya bakuli pale unga unapofika. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye ile alama, acha kutia maji. Sasa utandaze unga huo juu ya ungo au mkeka safi, wembamba usiozidi upana wa kidole kimoja. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5. Kisha pika ugali siku ile ile, maana unga uliolowa huharibika.

Katika muda huo vile vitu viwili hukutana ndani ya unga, na sumu huruka hewani. Njia hii haihitaji mtambo wala fedha. Yahitaji saa mbili tu.

6. KITOWEO NI DAWA

Mwili una namna yake ya kuiondoa sayanaidi iliyo kidogo, lakini kwa kazi hiyo huhitaji kitu kinachopatikana katika vyakula vya kujenga mwili. Hapa Kigoma tumebarikiwa: maharage ya Kasulu na Kibondo, dagaa wa Ziwa Tanganyika, karanga, mayai na maziwa. Mtu alaye ugali wa muhogo kwa maharage au dagaa ana kinga ambayo hanayo mtu alaye ugali kwa mboga za majani peke yake. Basi usiuze maharage yote wakati wa mavuno ukawaachia watoto muhogo mtupu. Tumia pia chumvi yenye madini joto, kwa sababu sumu ya muhogo huzuia mwili kutumia madini hayo, na rovu hutokea shingoni.

7. PANGA KAZI YAKO KWA MAJIRA

Shida kubwa ya mkulima wetu ni hii. Miezi ya njaa, Desemba hadi Februari, mahindi mapya hayajawa tayari, na mvua hunyesha kila siku. Mihogo yahitajiwa sana, lakini jua la kuianikia halipo. Hapo ndipo watu huchukua njia ya mkato: mihogo hulowekwa siku moja, huanikwa karibu na moto, kisha husagwa.

Dawa yake ni kufanya kazi mapema. Kuanzia Juni hadi Septemba jua ni kali na kazi za shamba ni chache. Ng'oa mihogo michungu wakati huo, vundika, anika, na uweke akiba ya kivunde mahali pakavu, juu ya chanja, ya kuvusha nyumba yako miezi ya njaa. Akiba hiyo ndiyo itakayokuepusha na haraka.

Tenga mashamba pia. Panda mihogo mitamu karibu na nyumba, na michungu katika shamba la mbali. Usichanganye pingili. Mtoto arudiaye kutoka shule na njaa hung'oa shina la karibu na kulitafuna bichi. Hakikisha shina hilo ni tamu. Ukipewa pingili na jirani, uliza kwanza jina lake na kama ni tamu au chungu. Ukipokea mbegu mpya zinazovumilia batobato au michirizi ya kahawia, uliza swali hilo hilo. Muhogo usio na ugonjwa si lazima uwe muhogo usio na sumu.

8. MIMEA MINGINE YA KUANGALIWA

Mnanaha. Huota jalalani, karibu na mazizi na katikati ya mahindi na maharage. Majani yake yana meno na harufu mbaya, ua lake ni jeupe au la zambarau mfano wa tarumbeta, na tunda lina miiba na mbegu nyingi ndogo. Mbegu hizo huchanganyika na nafaka wakati wa kuvuna. Mtu aliyezila hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, mwili huwa wa moto, naye hupayuka kama mwenye wazimu. Mwaka 2019, katika Karamoja huko Uganda, chakula cha msaada kilichochanganyika na sumu ya mimea ya jamii hii kiliugua mamia ya watu, na 5 wakafa. Ung'oe kabla haujazaa, na uchambue maharage kabla ya kuyaweka ghalani.

Mbarika na mbono kaburi. Mbarika huota kando ya nyumba, na mbono kaburi hupandwa kuwa ua wa boma. Mbegu zake zote mbili zina mafuta mazuri ya kazi nyingine, lakini zikitafunwa ni sumu. Za mbono kaburi zina ladha kama karanga, kwa hiyo watoto hudanganyika. Mashudu yake usiwape mifugo.

Mnyaa. Ni ua mzuri wa boma usioliwa na mbuzi. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza na waweza kupofusha. Ukiukata, geuza uso. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda wa robo saa, kisha nenda zahanati.

Mmea utambaao wenye maua ya miali. Huonekana porini na kando ya mashamba wakati wa mvua. Ncha za majani yake hujikunja na kushika miti mingine, na ua lake jekundu na manjano hugeukia juu kama ndimi za moto. Mizizi yake hufanana na viazi. Aliyeila hutapika na kuharisha sana baada ya saa chache, naye aweza kufa. Usichimbe viazi vya porini usivyovijua.

Ndiga. Ni kiazi kikuu cha porini chenye majani matatu katika kikonyo kimoja. Wazee walikila wakati wa njaa baada ya kukikata vipande vyembamba na kukilaza siku nyingi katika maji yapitayo. Asiyefundishwa kazi hiyo na mtu aijuaye asikiguse.

Utupa. Majani yake huua wadudu na samaki. Kuvua kwa sumu kumekatazwa na sheria, na kijito kilichotiwa utupa ndicho jirani yako atekamo maji.

Viazi mviringo vilivyogeuka kijani kwa kupigwa na jua. Vina sumu katika ganda. Vihifadhi gizani, na vilivyo vya kijani visiliwe.

Maharage mekundu yasiyoiva. Yaloweke usiku, mwaga maji yake, kisha yachemshe kwa nguvu. Yakipikwa kwa moto mdogo bila kutokota huumiza tumbo na kutapisha.

9. MTU AKILA SUMU

Mpeleke zahanati au kituo cha afya mara moja, usingoje aone nafuu. Usimpe dawa ya kutapisha, wala usimnyweshe kitu mtu aliyezirai. Mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Chukua mabaki ya chakula au tawi la mmea wenyewe, uwaonyeshe waganga. Wengine waliokula chungu kimoja naye waende pia, hata kama hawajaugua.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Muhogo mchungu haufai kuchemshwa, kuchomwa wala kuliwa mbichi.
2. Menya, loweka mpaka ulainike, kamua, kausha kabisa.
3. Unga usioujua uloweshe na kuutandaza kabla ya kupika.
4. Kula ugali wa muhogo kwa maharage, dagaa au karanga.
5. Mwaka wa ukame ongeza uangalifu, usipunguze siku.
6. Weka akiba ya kivunde wakati wa kiangazi.
7. Pingili tamu na chungu zisichanganywe.

Someni karatasi hii pamoja, baba na mama, na mwasomee wazee wasiojua kusoma. Kama pana jambo lisiloeleweka, au kama mwaona shina la muhogo msilolijua utamu wake, mwulizeni Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yenu. Kazi yake ni kuja shambani kwenu.